Kupunguzwa kwa wafanyakazi wa Shirika la Usagishaji la Taifa

Kupunguzwa kwa wafanyakazi wa Shirika la Usagishaji la Taifa kulikuwa mfululizo wa hatua zilizowaondoa kazini watumishi wa shirika la umma la Tanzania lililonunua nafaka, kuzihifadhi, kuzisaga na kuuza unga. Shirika hilo, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake NMC, liliundwa mwaka 1968. Shughuli zake zilipunguzwa hatua kwa hatua kuanzia miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 liliwekwa kwenye orodha ya mashirika ya kubinafsishwa.

Habari za NMC kwa kawaida huandikwa kwa kuangalia vinu vya Dar es Salaam na deni la shirika benki. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi zake ilikuwa mbali na vinu, katika maghala na vituo vya ununuzi vya wilayani. Makala hii inaeleza historia ya shirika kwa jumla, pamoja na maana ya kupunguzwa kwa wafanyakazi katika wilaya za Kasulu na Kibondo, Mkoa wa Kigoma, ambako hapakuwa na kinu kikubwa cha kufungwa, bali kulikuwa na mnunuzi wa kuondoka. Kasulu na Kibondo hapa ni wilaya za zamani, kabla ya Buhigwe na Kakonko kuanzishwa kama wilaya za pekee mwaka 2012.

Asili ya shirika

Tarehe 5 Februari 1967 chama cha TANU kilitangaza Azimio la Arusha. Katika siku chache zilizofuata serikali ilitaifisha mabenki na makampuni kadhaa ya biashara na viwanda, yakiwemo makampuni 8 ya kusaga nafaka. Miongoni mwake yalikuwa Tanzania Millers na Chande Industries. Mali za makampuni hayo ndizo zilizokuwa msingi wa NMC.

Rais Julius Nyerere alimwomba Jayantilal Keshavji Chande, ambaye familia yake ilikuwa imenyang'anywa kampuni hiyo ya pili, aongoze shirika jipya, naye akakubali. Chande alikulia Bukene katika Mkoa wa Tabora, kwenye reli ya kwenda Mwanza, na baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yake. Kwa hiyo miaka ya kwanza ya NMC iliendeshwa na mtu aliyeijua biashara ya nafaka tangu utotoni, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika mashirika ya umma ya wakati ule.

Mwanzoni kazi ilikuwa kusaga tu. Ununuzi wa mazao ulikuwa chini ya Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo, iliyoanzishwa mwaka 1963, ambayo ilipokea mazao kutoka kwa vyama vya ushirika. Mwaka 1973 kazi za bodi hiyo zilihamishiwa NMC. Tangu hapo shirika moja lilikuwa mnunuzi, mtunza akiba, msagaji, msambazaji na mwagizaji wa chakula kutoka nje. Lilitengeneza sembe, unga wa ngano, chakula cha mifugo na mikate. Hata mvinyo wa Dodoma ulikuwa chini yake.

Kiwanda kikubwa cha mikate cha Dar es Salaam, kilichojengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Kanada, kinastahili kutajwa katika makala kuhusu ajira. Kilikuwa cha mitambo inayojiendesha. Mwanauchumi Andrew Coulson alikikosoa akieleza kwamba tanuri ndogo ndogo zingetoa mikate ileile kwa gharama ndogo zaidi na kuwapa kazi watu wengi zaidi. Shirika lilelile ambalo baadaye lililaumiwa kwa kubeba wafanyakazi kupita kiasi lilikuwa limetumia fedha za kigeni kununua mitambo ya kuokoa nguvu kazi.

Ununuzi vijijini

Mwezi Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. NMC iliagizwa kununua mazao moja kwa moja kutoka vijijini, na vijiji vyenyewe vilikuwa vimeongezeka na kukua kutokana na operesheni za kuwahamishia watu katika makazi ya pamoja. Katika Mkoa wa Kigoma kazi hiyo ilianza mapema: Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, wakati mikoa mingi ilikuwa bado haijaguswa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ilikuwa na vijiji zaidi ya 7,000, na kwa nadharia NMC ilitakiwa kufika katika kila kimoja chenye nafaka ya kuuza.

Serikali ya kijiji ilikusanya na kupima mazao. Shirika lilileta fedha, magunia na gari la kuyachukua. Kwa kazi hiyo zilihitajika ofisi na maghala katika mikoa na wilaya, na watu wa kuyaendesha: makarani wa ununuzi, wahasibu, watunza ghala, wapiga dawa ya wadudu, madereva na matingo, walinzi, matarishi. Chini yao walikuwepo vibarua wa msimu waliobeba, kushona na kupanga magunia. Vinu vikubwa vilikuwa katika miji kama Dar es Salaam, Arusha, Iringa, Dodoma na Mwanza, lakini ajira ya NMC ilikuwa imesambaa nchi nzima kama matawi ya posta.

Ununuzi wa mahindi ulipanda na kushuka sana. Katika msimu wa ukame wa 1974/75 shirika lilipata tani zisizofika 30,000, na nchi ikalazimika kuagiza chakula kingi kutoka nje. Miaka minne baadaye, msimu wa 1978/79, lilinunua zaidi ya tani 200,000, hata maghala yakajaa na sehemu ya mahindi ikauzwa nje kwa hasara. Kufikia 1983/84 ununuzi ulikuwa umeshuka tena hadi tani 70,000 hivi. Mabadiliko hayo yanaeleza kwa sehemu kubwa lawama ya kwamba NMC ilikuwa na watu wengi mno. Shirika lilijipanga kwa ajili ya mavuno makubwa, nayo mahindi yalipokwenda kwa wafanyabiashara wa magendo waliolipa bei nzuri zaidi, watu na majengo yalibaki palepale.

Katika miaka hiyohiyo maghala ya magharibi yalipata adui mpya. Mdudu mharibifu wa mahindi kutoka Amerika ya Kati alionekana mara ya kwanza katika Mkoa wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea. Wakulima walimwita "Skania", jina la magari makubwa ya mizigo, kwa jinsi anavyosaga kila kilicho mbele yake. Kazi ya kupiga dawa maghalani ilipata uzito ambao haikuwa nao zamani.

Kasulu na Kibondo

Kasulu na Kibondo ziko katika nyanda za juu za Buha, nchi ya Waha, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya kutosha. Mahindi, maharagwe, mihogo, ndizi na mtama hustawi, na kahawa hulimwa hasa upande wa Manyovu. Tatizo la nyanda hizi halikuwa kulima, lilikuwa kufikisha mazao sokoni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini inapita kusini, bondeni. Kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni karibu kilomita 100, na kutoka Kibondo ni zaidi ya 200, kwa barabara iliyokuwa ya udongo na utelezi wakati wa masika. Baada ya hapo bado kuna kilomita 1,250 hivi za reli mpaka Dar es Salaam.

Kwa sababu hiyo, wakati wa ukoloni Buha ilijulikana zaidi kwa kutoa watu kuliko kutoa mazao. Kuanzia miaka ya 1940 Ofisi ya Wafanyakazi wa Mkonge, iliyojulikana kama SILABU, iliandikisha vijana wa Kiha na kuwapeleka katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako waliitwa manamba. Mshahara ulikuwa kitu kinachopatikana mbali. Ofisi ya serikali, shule, hospitali ya misheni na, baadaye, ghala la shirika la umma vilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambazo mtu aliweza kulipwa kila mwezi bila kuhama Buha.

Sera iliyoiunganisha Buha na NMC ilikuwa ya bei moja kwa nchi nzima, iliyotumika tangu katikati ya miaka ya 1970. Kilo ya mahindi ilinunuliwa kwa bei ileile Kasulu kama Kilosa, ingawa Kilosa iko karibu zaidi na walaji wa Dar es Salaam kwa mamia ya kilomita. Gharama ya usafiri ilibebwa na shirika. Kwa mkulima wa Makere au Mabamba bei hiyo ilikuwa sawa na kuletewa soko mlangoni. Kwa vitabu vya NMC ilikuwa hasara katika kila gunia, na kadiri mikoa ya mbali ilivyouza zaidi ndivyo hasara ilivyoongezeka.

Wanauchumi wengi wameikosoa sera hiyo, na kwa hesabu za shirika wana haki. Lakini ni lazima ikumbukwe kwamba mishahara ya karani na mlinzi wa ghala la wilayani, pamoja na mafuta ya lori lililokwama matopeni, vilikuwa ndani ya "hasara" hiyohiyo. Ulipoanza mjadala wa kupunguza hasara, mikoa ya pembezoni ndiyo iliyokuwa na ajira zisizoweza kutetewa kwa hesabu.

Malalamiko hayakukosekana wakati NMC ikiwepo. Magunia yalichelewa, magari hayakufika kwa wakati, mazao yalinyeshewa, na wakulima walipewa stakabadhi badala ya fedha taslimu wakasubiri malipo kwa miezi. Huduma ilikuwa mbovu mara nyingi. Ilikuwa, pamoja na hayo, huduma iliyokuwa na mizani na bei iliyotangazwa redioni, jambo ambalo umuhimu wake ulionekana baadaye.

Deni na mageuzi

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 NMC iliishi kwa mkopo wa Benki ya Taifa ya Biashara, na deni lilifikia mabilioni ya shilingi. Sababu zilikuwa nyingi: bei moja ya ununuzi, bei ya sembe iliyowekwa chini na serikali ili kuwalinda walaji wa mijini, gharama za kuagiza chakula, ukosefu wa vipuri na mafuta baada ya Vita vya Kagera, wizi, na utunzaji dhaifu wa hesabu. Serikali iliahidi ruzuku, lakini haikuilipa kwa wakati.

Mageuzi yalianza kabla ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei moja ililegezwa, na mikoa iliyoonekana kufaa zaidi kwa zao fulani ikapewa bei ya juu. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikatunga Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowataka watu wasio na kazi mijini warudi mashambani. Sheria hii ina uhusiano na suala la ajira kuliko inavyodhaniwa. Ilichukulia kwamba kila mtu ana shamba la kurudi, na wazo hilohilo lilitumika miaka miwili baadaye ilipofika zamu ya watumishi wa umma kupunguzwa.

Mwaka 1984 yalitokea mambo matatu kwa pamoja. Ruzuku ya sembe iliondolewa. Kiasi cha nafaka ambacho mtu binafsi aliruhusiwa kusafirisha bila kibali kilipandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500. Na vyama vikuu vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976, vilianza kurudishwa kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 1982. Hili la tatu ndilo lililogusa moja kwa moja watumishi wa NMC wa wilayani, kwa sababu kazi yao ya kununua vijijini ilirejeshwa kwa ushirika. Shirika lilibaki kuwa mnunuzi wa pili, linalosubiri mazao yaletwe na vyama.

Baada ya hapo milango ilifunguliwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1985 serikali kuu ilifuta nafasi za kazi zaidi ya 10,000. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kuanza Mpango wa Kufufua Uchumi. Mwaka 1987 vizuizi vya kusafirisha nafaka ndani ya nchi viliondolewa kabisa, na kufikia 1990 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua kwa wakulima. Sheria ya Usalama wa Chakula ya mwaka 1991 iliiweka hifadhi ya taifa ya chakula chini ya Wizara ya Kilimo. NMC ikabaki na vinu vilivyoshindana na mashine za kusaga za mitaani, ambazo hazikuwa na deni wala idara ya utumishi.

Waliopunguzwa

Neno lililotumika lilikuwa "kupunguzwa", na mtu aliyepatwa na hali hiyo aliitwa "mpunguzwa". Neno hili lina upole ambao jambo lenyewe halina. Linatofautiana na kufukuzwa, ambako kuna kosa, na pia na kustaafu, ambako kuna umri. Mpunguzwa hakukosea na hakuzeeka; nafasi yake ndiyo iliyofutwa.

Watumishi wa NMC hawakupata pigo kwa namna moja. Wa kwanza kuondoka walikuwa vibarua wa msimu. Hawakupunguzwa kisheria, kwani hawakuwa na ajira ya kudumu; msimu ulifika, nao hawakuitwa. Kwa hiyo hawakuhesabiwa katika orodha yoyote ya waliopoteza kazi, ingawa katika wilaya kama Kibondo ujira wa kubeba magunia kwa wiki chache ulikuwa fedha ya kulipa ada, chumvi na nguo kwa mwaka mzima.

Walifuata watumishi wa vituo vya ununuzi na maghala. Makarani na watunza ghala walikuwa na ujuzi wa kuandika stakabadhi, kusoma mizani, kukadiria unyevu wa mahindi kwa kuyauma na kuyashika, na kujua ghala lipi linavuja. Huo ni ujuzi wa kweli, lakini mnunuzi wake alikuwa mmoja, naye alikuwa anafunga milango. Madereva na mafundi walikuwa na nafasi nzuri zaidi, kwani biashara ya malori binafsi ilikuwa inakua. Wafanyakazi wa vinu waliguswa baadaye, mitambo iliposimama kwa ukosefu wa nafaka au ilipouzwa kwa wawekezaji waliotaka watu wachache.

Chama cha wafanyakazi hakikuwa na nguvu ya kuzuia. JUWATA ilikuwa jumuiya ya chama tawala, na kazi yake ilionekana kuwa kueleza sera kwa wafanyakazi zaidi ya kuibishia. OTTU ilipochukua nafasi yake mwaka 1991, maamuzi mengi makubwa yalikuwa yameshafanyika. Mabaraza ya wafanyakazi yaliyoanzishwa mwaka 1970 yalikuwa imara zaidi viwandani kuliko katika ghala lenye watumishi kumi.

Mafao

Mtumishi aliyepunguzwa alitarajia kiinua mgongo, malipo ya likizo isiyochukuliwa, nauli ya kurudi kwao na akiba yake katika mfuko wa hifadhi. Watumishi wengi wa kawaida walikuwa wanachama wa Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, NPF, ulioanzishwa mwaka 1964 na kugeuzwa NSSF mwaka 1997. NPF haikuwa mfuko wa pensheni. Mwanachama alilipwa mara moja michango yake, ya mwajiri na riba.

Hapa mfumuko wa bei ulifanya kazi yake. Katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei zilipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka, na shilingi ilishushwa thamani mara kadhaa. Mchango uliokatwa mwaka 1975, wakati ungetosha kununua mbuzi, ulirudishwa baadaye ukiwa hautoshi kununua jembe. Malipo yanayotegemea mshahara wa mwisho yalikuwa afadhali kidogo, ila yalipochelewa nayo yaliliwa na bei. Tatizo la mafao kuchelewa halikuwa la NMC pekee. Waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, waliendelea kudai haki zao mpaka karne ya 21.

Nauli ya kurudi kwao ilikuwa na maana ya pekee kwa watu wa Kigoma. Mtumishi aliyetoka Kasulu na kufanya kazi katika kinu cha Dar es Salaam alikuwa na kilomita nyingi kuliko karibu mwenzake yeyote, pamoja na mizigo na familia, kwa treni. Kwa upande mwingine, karani wa mikoa mingine aliyepangiwa Kibondo hakuwa na sababu ya kubaki ghala lilipofungwa. Miji midogo ya wilaya ilipoteza wapangaji, wateja wa maduka na wazazi wa watoto wa shule ambao mishahara yao ilitoka nje ya wilaya.

Sheria ya sasa ni tofauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane kuhusu njia za kuepuka au kupunguza athari, namna ya kuwachagua wanaoondoka, na malipo yao. Kiinua mgongo cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Watumishi wa NMC walioondoka katika miaka ya 1980 hawakuwa na kifungu cha namna hiyo cha kukishika mkononi.

Buha baada ya mnunuzi kuondoka

Soko halikufa NMC ilipoacha kununua. Mahindi, maharagwe na mihogo ya Buha yaliendelea kupata wateja, wakiwemo wa Burundi na Rwanda, na njia za Manyovu na Mabamba zilikuwa na biashara kwa muda mrefu kabla ya mipaka kuchorwa. Kilichobadilika ni namna ya kupima na wakati wa kuuza. Mfanyabiashara hununua kwa debe au kwa gunia la lumbesa, lililojazwa mpaka juu ya mdomo na kushonewa kilemba, na hulipa bei ya gunia moja. Hufika wakati wa mavuno, mkulima anapohitaji fedha na bei iko chini kabisa. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi kwa Sheria ya Vipimo, bila kuimaliza. Karani mwenye mizani, ambaye wakulima walimlalamikia kwa uzembe na wakati mwingine kwa wizi wa kilo, ndiye aliyekuwa ameondolewa.

Kwa upande wa ajira, mabadiliko makubwa hayakutoka kwa wawekezaji bali vitani. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Tanzania, wengi wao katika wilaya za Kibondo, Kasulu na Ngara. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na wabia wake walihitaji maghala, malori, walinzi, watu wa kupokea magunia, kuyahesabu na kugawa unga kwa kilo. Hizo ndizo kazi zilezile ambazo miaka michache kabla zilionekana hazina faida. Safari hii zililipwa na wafadhili.

Nazo hazikudumu. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na Mtendeli, iliyokuwa Kakonko, mwaka 2021. Kila kambi ilipofungwa, wenyeji waliokuwa wameajiriwa na mashirika ya misaada walipewa barua za kumaliza mikataba, zikitaja ufinyu wa fedha na kupungua kwa shughuli.

Nchi jirani

NMC haikuwa peke yake. Zambia ilivunja bodi yake ya nafaka, NAMBOARD, mwaka 1989. Kenya haikuivunja Bodi ya Nafaka na Mazao, lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ilipunguza vituo vyake vya ununuzi na watumishi wake. Sababu zilizotolewa zilifanana: deni, ruzuku, wingi wa wafanyakazi. Tofauti ni kwamba Kenya ilibakiza shirika lenye jina na maghala yaleyale, wakati Tanzania iligawa kazi za NMC mafungu mafungu, kisha baada ya miaka mingi ikaunda taasisi mpya za kuzifanya.

Ubinafsishaji na urithi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa na mashirika ya umma yapatayo 400. Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilianza kazi mwaka 1993, na NMC ilikuwa kati ya yaliyowekwa sokoni. Baadhi ya vinu vya Dar es Salaam vilichukuliwa na kampuni ya Said Salim Bakhresa, mfanyabiashara aliyeanza na mgahawa mdogo katika miaka ya 1970 na ambaye unga wake wa Azam umeenea Afrika Mashariki. Katika kipindi hichohicho serikali kuu nayo iliendelea kupunguza watu: watumishi wake walikuwa zaidi ya 350,000 mwaka 1992, na kufikia mwisho wa muongo walikuwa chini ya 280,000.

Vinu na maghala ambayo hayakuuzwa yalikaa miaka mingi, mengine yakikodishwa, mengine yakiwa matupu. Mwaka 2008 uliundwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, unaonunua na kuhifadhi nafaka. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, CPB, iliyorithi mali za NMC zilizobaki, vikiwemo vinu vya Arusha, Iringa, Dodoma na Mwanza. Bodi hiyo inanunua mazao, inasaga na kuuza unga, na imeajiri makarani wa ununuzi na watunza ghala.